Mtungi wa Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa akawa mtungi, Pakawa akawa maziwa, kifuniko kikafunika. Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, tukifunue.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Bonde la Mikwaju walikuwa na shule. Mwalimu alikuwa Korongo. Maziwa ya watoto yaliletwa na Ngiri. Ngiri, nasema, si Nguruwe. Nguruwe hakuhusika hata kidogo.

Kila asubuhi Ngiri alichukua maziwa kwa Mama Nyati. Njiani alipita bwawani. Hutazama huku, hapana mtu. Hutazama kule, hapana mtu. Chubwi! Mtungi majini. Maziwa yakaongezeka.

Watoto wakanywa. Matumbo yakalia: nguru, nguru, nguru! Mbio chooni! Swala akitoka, Pundamilia anaingia.

Habari zikamfikia Bwana Afya. Huyo alikuwa Nguchiro. Wapo wanaosema alikuwa Kicheche, lakini hao hawakuwapo. Akaja na kofia yake. Akanusa choo. Akanusa madawati. Akamnusa na Mwalimu.

"Mwalimu, chanzo cha ugonjwa bado sijakipata. Jua likifika utosini sijakiona, shule naifunga."

"Usiifunge, Bwana Afya! Watoto watabaki na nani? Wazazi wako malishoni, na Fisi ameshajitolea kuwalea."

Kweli, Fisi alikuwa ameketi nje ya ua. Alikuwa ameshanawa mikono.

Mara, "Hodi! Maziwa!" Ngiri huyo. Kumwona Bwana Afya, akatabasamu mpaka masikioni.

"Karibu kikombe, mgeni wetu!"

"Ahsante. Ila kwa mila yenu mwenye kukaribisha huonja kwanza, mgeni akimwona. Onja, ndugu yangu."

"Mimi? Mimi nimefunga."

"Umefunga! Si umeingia hapa unatafuna muhogo?"

"Nimefunga tangu nilipoumeza."

"Basi futuru."

"Maziwa hunipa upele, Bwana Afya. Upele wa puani."

Mtungini kukasikika: Kroo!

"Nini hiyo?"

"Tumbo langu."

"Tumbo lako limo mtungini?"

Nguchiro akafunua kifuniko. Pwaa! Akaruka Chura, mweupe pe pe pe.

"Shikamoo, Mwalimu! Kila siku naletwa shule, kila siku narudishwa. Mbona jina langu huliiti?"

"Marahaba. Unaletwa kutoka wapi?"

"Bwawani! Huyu bwana akichota maji ya kuongeza maziwa, hunichota na mimi."

Watoto wakacheka mpaka wakaanguka. Mkia wa Ngiri ukasimama wima kama mlingoti.

Nguchiro akasema, "Shule haifungwi. Fisi, nenda nyumbani. Nawe Ngiri, mtungi uusugue kwa mchanga, uusuuze kwa maji ya moto. Na kila asubuhi kikombe cha kwanza ni chako, watoto wakikutazama."

"Kuanzia kesho?"

"Kuanzia hiki."

Ngiri akafumba macho. Gubu, gubu, gubu. Akalamba midomo. Akatulia. Watoto wakatega masikio.

Nguru!

"Dada Swala," Ngiri akalia mlangoni mwa choo, "hima, mwenzio naadhirika!"

Kesho yake maziwa yalikuja mazito, na mtungi ulimetameta. Chura naye akaandikwa shule, akakaa dawati la mbele.

Basi, wasikilizaji, shikeni hili: chakula anachokiogopa aliyekileta, nawe kiogope, na asiyethubutu kukionja asiwape watoto wa wenzake.

Hadithi yangu imeishia hapo, mtungi mtupu. Mwenye kiu aoshe kikombe kwanza.