Mbweha Hajaingia

Paukwa!

Pakawa!

Watoto sogeeni mbele, wakubwa msijifanye hamsikilizi. Hapo zamani za kale, mawe yakiwa bado yana uvuguvugu wa kuumbwa, palikuwa na jabali. Juu ya jabali wanakaa pimbi. Chini ya jabali kuna ua wa miiba, mnene, mrefu, hata pua haipenyi. Ua una mwanya mmoja tu. Kwenye mwanya kakaa Nungunungu.

Nungunungu alikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza, kuzuia. Jumbe wa pimbi alimwambia: Chui asiingie, Nyoka asiingie, Mbweha asiingie. Kazi ya pili, kutumwa. Mama aliyejifungua haendi mbali kuchuma majani, ndiyo mila yao, basi humtuma Nungunungu. Nungunungu huburuta tawi la miiba, akaziba mwanya, akaenda. Ukimtuma mambo mawili anafanya la mwisho, la kwanza limeshamtoka kichwani. Ndivyo alivyo.

Akirudi, mwili wake unalia chakacha-chakacha. Kila pango lina jiwe mlangoni. Wa ndani anauliza, "Nani?" Yeye anajibu, "Mimi." Jiwe linasukumwa, griii, mlango wazi. Basi. Mtu kamsikia Nungunungu, aulize nini tena?

Sasa palikuwa na pimbi mmoja, uzazi wake wa kwanza, wanamwita Mama Kidoti. Mtoto wake ana doa jeupe mgongoni, dogo kama punje ya mtama. Mama huyu alikuwa na hofu. Jani likianguka, anashtuka. Kivuli kikipita, anamfunika mtoto. Wenzake wanamcheka, naye anacheka nao, lakini mtoto hamwachii.

Asubuhi moja anatafuna majani karibu na ua. Akasikia sauti upande wa pili, laini, imepakwa asali.

"Shikamoo, bwana mlinzi."

"Marahaba, Mbweha. Huingii."

"Nani kasema naingia? Mimi nimekaa zangu nje. Nakutuma tu. Kaniletee kuyu moja, tunda la mkuyu, kutoka ghalani."

Nungunungu akafikiri. Mbweha asiingie. Mbweha hajaingia. Mimi kazi yangu kutumwa. Akaziba mwanya, akapanda jabali, chakacha-chakacha.

"Nani?"

"Mimi."

Griii, mlango wazi. Kuyu likatoka.

Mbweha akalinusa, akalitupa. Kuyu halili. "Ahsante, bwana mlinzi. Kesho nitakutuma kitu laini zaidi."

Mama Kidoti huyoo. Mbio, mbio, mbio hadi kwa Jumbe. Jumbe kakalia mto wake wa sufi, baraza limemzunguka, linaota jua.

"Jumbe, shikamoo, Mbweha kapata njia, hakuvunja kitu, hakuruka, kamtuma Nungunungu, na Nungunungu kaenda, kafunguliwa, kuyu limetoka, na kesho anataka kitu laini, Jumbe, kitu laini humu ndani ni kitu gani kama si watoto?"

"Pumua kwanza, mwanangu. Ua umetoboka?"

"Haukutoboka."

"Mbweha kaingia?"

"Hajaingia, lakini—"

"Hajaingia," Jumbe akawageukia wenzake. Baraza likaitikia, "Hajaingia."

Nungunungu mwenyewe akaitwa. Alikasirika, miiba ikamsimama. "Tangu nikae pale, hata kiroboto wa Mbweha hajapita. Huyu mama ananichafulia jina."

"Uzazi wa kwanza huo," akasema mmoja. "Wangu nilipomzaa, hata upepo niliutilia shaka." Wakacheka, ha ha ha, hadi masharubu yakatikisika.

Mama Kidoti hakulala vizuri. Akajisemea: maneno hawayasikii, basi wataona kwa macho.

Kulipokucha akampeleka Kidoti pango la watoto. Huko mama wote huwaacha watoto wao asubuhi, wamelundikana kama viazi, na Bibi Mlezi anawaangalia. Akashuka. Nungunungu akampisha bila neno, maana wa ndani kutoka si marufuku. Akazunguka kichaka kilichokaribia mwanya, akaibana pua.

"Bwana mlinzi, mimi niko nje, siingii. Nakutuma. Kaniletee mto wa Jumbe."

"Jumbe ameukalia."

"Mwambie unatakiwa."

Nungunungu huyoo. Chakacha-chakacha. "Nani?" "Mimi. Mto unatakiwa." Na Jumbe, mwenye jabali lake, akainuka, akautoa mto, akabaki amesimama. Hakuuliza unatakiwa na nani.

Mto ukafika kichakani. Mama Kidoti moyo ukamruka kwa furaha. Nimewapata, akasema. Nauchukua sasa hivi, nauweka mbele ya baraza, tuone nani atacheka.

Akanyanyua mguu. Akaurudisha.

Mbweha alikuwa anakuja. Akakaa mbele ya mwanya, mkia kauzungusha miguuni.

"Bwana mlinzi, kazi yako nzuri. Leo kaniletee mtoto, yule mwenye kidoti mgongoni. Mwambie mlezi mama yake anamtaka."

Nungunungu akaziba mwanya, akaenda. Chakacha. Chakacha. Mama Kidoti anamsikia anavyopanda. Apige kelele? Mbweha atamrukia, na mtoto atatoka vilevile. Akimbie? Mwanya umezibwa. Kule juu, "Nani?" Kule juu, "Mimi." Griii.

Chakacha zikaanza kushuka. Tawi likaburutwa. Nungunungu huyo mwanyani, na Kidoti ananing'inia mdomoni mwake, anapepesa macho, hajui lolote. Mbweha akainuka. Mate yakamdondoka, to, to, to.

Mama Kidoti akatoka kichakani, wazi kabisa, mbele ya meno.

"Bwana mlinzi, mimi pia niko nje, mimi pia nakutuma. Mrudishe huyo mtoto kwa Bibi Mlezi. Sasa hivi."

Nungunungu akasimama. La kwanza lilikuwa nini vile? La mwisho analikumbuka. Akageuka.

"Nilitangulia mimi," Mbweha akafoka, akajirusha kumpokonya. Lakini Nungunungu keshampa mgongo. Chwi. Chwi. Chwi-chwi-chwi. Miiba puani, miiba ulimini, mwiba mmoja chini ya jicho. Mbweha akabingirika analia kama mtoto mchanga. Mama Kidoti akaruka juu yake, akapenya mwanyani, akampokea Kidoti kutoka mdomoni mwa Nungunungu, akamfunika kwa mwili wake.

Baraza zima lilishuka kwa kelele zile. Likaona mto kichakani. Likaona Mbweha anakimbia uso umejaa miiba.

"Hajaingia," Nungunungu akasema taratibu.

"Hakuhitaji," akasema Mama Kidoti. "Wewe uliingia badala yake. Nasi tukakufungulia."

Siku hiyo amri ikabadilika. Nungunungu amwulize kila anayemtuma: wewe nani, uko upande gani wa ua? Na kila mlango umwulize Nungunungu: umetumwa na nani?

"Nitajibu hadi mate yanikauke," Nungunungu akanung'unika.

"Yakukauke," wakamjibu.

Jioni hodi ikapigwa pangoni kwa Mama Kidoti. Ni Jumbe.

"Umetumwa na nani?"

Jumbe akakohoa. "Nimejituma mwenyewe, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Akamfungulia.

Basi funzo ni hili: kumzuia adui mlangoni hakutoshi, kama mtu wako mwenyewe anaingia kwa niaba yake. Mjumbe aulizwe katumwa na nani, na aulizwe kila mlango, hata kama ni mjumbe tunayemjua tangu zamani.

Nilichotumwa kusimulia nimekisimulia. Hadithi yangu imeishia hapo.