Kikohozi cha Mshika Mwiko

Hapo zamani, si zamani ya wafalme na majini, ni zamani hii ambayo zahanati imeshajengwa na watu wameshazoea kupimwa, katika bonde la mpunga aliishi mwanamke aitwaye Bi Mwanaheri. Yeye ndiye aliyeshika mwiko wa kijiji.

Kushika mwiko si kupika. Kupika kila mwanamke wa pale alijua. Lakini kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye maulidi, sufuria kubwa ikishakaa mafigani, hakuna anayefunua kifuniko mpaka mshika mwiko afunue. Yeye ndiye anayesema mchele huu umeoshwa, huu haujaoshwa, nyama hii ipikwe, ile itupwe. Anayeshika mwiko ameshika matumbo ya watu. Ndiyo maana mwiko haurithiwi kwa undugu. Mwenye nao akichoka humpa mtu anayemwamini, mbele ya sufuria, mbele ya wanawake wote, na ukishatolewa haurudishwi.

Basi Bi Mwanaheri akapata presha. Kichwa kilimwuma, macho yakaona vimulimuli, akaenda zahanati, akapimwa, akapewa vidonge. Tabibu akamwambia, "Mama, hivi ni vya kila siku. Ukijisikia mgonjwa unameza, ukijisikia mzima unameza."

Nyumbani aliishi na mkwe wake Asumini, mke wa mwanawe, aliyekuwa na mtoto mchanga. Asumini hakuwa na maneno mengi. Alfajiri alikuja na kidonge kiganjani na maji kwenye bilauri.

"Mama, meza."

Bi Mwanaheri akameza.

Mvua ikinyesha, "Mama, meza." Siku ya kuvuna, "Mama, meza." Siku waliyogombana juu ya kuni, Asumini alikuja amenuna, uso ameugeuzia mlangoni, akasema vilevile, "Mama, meza." Akameza.

Presha ikashuka. Kikohozi kikapanda.

Kilikuwa kikohozi kikavu, hakitoi kitu. Koo lilimwasha kama lililopitishwa unyoya. Akanywa tangawizi, kho kho. Akalamba asali, kho kho. Alfajiri kidonge, mchana kikohozi, na yeye mwenyewe hakuviunganisha. Alidhani ni moshi. Nani atakayeshuku dawa inayomponya?

Asumini akasikia kile kikohozi akamwangalia mwanawe. Alifunga uzi mwekundu kwenye kikombe kimoja, na Bi Mwanaheri akajua kwamba hicho ndicho chake. Tangu hapo mtoto hakuwekwa tena mapajani mwake. Lakini alfajiri ilipofika, "Mama, meza." Akameza.

Ikatokea siku ya msiba kwa jirani. Mchuzi ulipoiva, Bi Mwanaheri akachota kwa upawa, akaonja. Desturi ya pale ni kwamba mshika mwiko akionja, upawa ule ule unapita kwa wenzake, kila mmoja anaonja, mpaka wakubaliane kwamba chumvi imekaa. Bi Mwanaheri akaonja, akakohoa, akanyoosha upawa.

Karibu yake alikaa Somoe, dada wa marehemu mumewe, mwanamke ambaye ulimi wake ulimtangulia kila alikokwenda.

"Hee! Wifi," Somoe akasema, "hapo unatia chumvi au unatia mate? Jamani, huyu ana TB. Nasema waziwazi, sisemi nyuma ya nyumba. Aende akapimwe."

"Somoe, tuko msibani," mwanamke mmoja akamkanya.

"Huu ni msiba mmoja. Mkionja huo mchuzi, mtahesabu."

Upawa ukabaki hewani. Wanawake wakatazama moto. Bi Mwanaheri aliona mkono wake mwenyewe umenyooka na hakuna anayeupokea, na hakujua aurudishe vipi.

Ndipo Sikujua, shoga yake wa tangu usichana, akapita katikati ya watu. Akaupokea upawa kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, akaulamba.

"Chumvi imekaa," akasema. "Na wa kufa, afe ameshiba."

Wanawake wakacheka. Upawa ukapita, watu wakala.

Walipokuwa wakirudi, Sikujua akamwambia, "Shoga, nimekuwa nikikuwaza. Hukuwa na kikohozi kabla ya vidonge. Kimekuja navyo, kama kupe na ng'ombe."

"Basi nirudi nikamweleze tabibu?"

"Umweleze nini? Kwamba dawa yake mbaya? Atakufokea bure. Wewe viache tu. Mtu anayegeuza sufuria ya gunia zima ana presha gani?"

Alfajiri Asumini akaja. "Mama, meza." Bi Mwanaheri akakiweka kidonge chini ya ulimi, akanywa maji, na Asumini alipogeuka, akakitema majivuni. Kesho yake hivyo hivyo. Na keshokutwa.

Kikohozi kikapungua, kikaisha. Uzi mwekundu ukafunguliwa kwenye kikombe. Mtoto akarudi mapajani. Bi Mwanaheri akasema moyoni, kumbe Sikujua alisema kweli. Na kweli, alisema kweli.

Ikaja harusi. Bi Mwanaheri akapika na upawa ukapita mikono yote bila kusita. Alipoinama kufunua pilau, mwiko ulianguka kwanza, kisha akaanguka yeye. Mdomo ulipinda. Mkono wa kulia ukalegea kama kamba.

Wakambeba mpaka zahanati, Asumini, Sikujua na Somoe. Tabibu akampima, akashtuka.

"Dawa anameza?"

"Kila alfajiri," Asumini akajibu. "Kwa mkono wangu."

Sikujua alijua kwamba si kweli. Akainamisha kichwa, akakunja pindo la kanga, akakunjua, akakunja tena. Bi Mwanaheri alisikia yote, lakini ulimi ulikuwa mzito, haukutoa neno.

"Basi mpelekeni hospitali ya wilaya," tabibu akasema. "Nitaandika kwamba waendelee na dawa ile ile, labda wamwongezee."

Somoe akaruka. "Mwongezeeni na jeneza! Mtu kakohoa miezi, TB imemla, nyie mnahangaika na presha! Mpimeni kifua kwanza!"

Tabibu akaweka kalamu chini. "Anakohoa? Tangu lini? Mbona hakuna aliyeniambia kikohozi?"

Huko hospitali akapimwa kifua, akapigwa picha. TB hakuna. Daktari akawaeleza: "Kidonge hiki kinaitwa enalapril. Ni dawa nzuri ya presha, na moyo inausaidia. Lakini wapo watu inaowakohoza. Mngesema, angebadilishiwa mara moja." Akampa dawa nyingine, amlodipini, na hiyo haikumkohoza. Bi Mwanaheri ulimi ulipofunguka, alisema mwenyewe: alikuwa akitema, na aliyemshauri alimtaja.

"Kuacha kimyakimya ndiko kulikokuangusha," daktari akasema. "Lakini mshukuru aliyekumezesha ile miezi ya nyuma. Bila hiyo ungeanguka zamani, na usingeamka."

Mdomo ulinyooka. Mkono haukurudi.

Yakafika maulidi. Moto ukawashwa, sufuria ikapanda, wanawake wakakaa. Bi Mwanaheri akaushika mwiko kwa mkono wa kushoto, akajaribu kugeuza wali. Mwiko ukateleza, ukalala ubavuni mwa sufuria. Akaelewa. Wote wakaelewa.

"Toa, wifi," Somoe akasema. "Na mimi sitaficha, nautaka. Nilikutukana, kweli. TB huna, kweli. Lakini kama si domo langu hili, ungerudishiwa dawa ile ile, ungekohoa tena, ungetema tena, na leo tungekuwa tunapika arobaini yako. Mimi nikiona nyama imeoza nitasema imeoza, hata mwenye shughuli akinichukia."

"Utasema imeoza hata ikiwa mbichi!" Sikujua akamjibu. "Ulitaka kumwaibisha, Mungu akageuza. Shoga, mkono wako ulipokuwa hewani, nani aliupokea? Na kikohozi chako nani alikijua asili yake? Kabla ya tabibu, kabla ya picha za hospitali, mimi."

"Ukakijua, ukamwua nacho," Asumini akasema.

Watu wakageuka. Hawakuzoea kuisikia sauti yake.

"Pale zahanati ulijua, bibi, ukakunja kanga. Mama, mimi nilikupa dawa nikiwa nimenuna, nikiwa naogopa, nikiwa nadhani utaniambukizia mwanangu. Hata siku moja sikuacha. Daktari kasema umeamka kwa ajili ya hiyo."

"Na kikombe cha uzi mwekundu?" Sikujua akauliza. "Hicho nacho daktari kakisifu?"

"Nilikuwa na mtoto mchanga. Kikombe nilikitenga. Mkono wangu sikuutenga."

"Ulimpa alfajiri, ukamsikia akikohoa mchana," Somoe akasema, "na hukuwahi kujiuliza. Ukiambiwa tia chumvi, utatia mpaka kesho, hata tukikunja nyuso."

Asumini akasukuma kuni mafigani.

Bi Mwanaheri akawatazama wote watatu. Wote walijua kupika, hilo halikuwa na shaka. Mmoja alimlinda bila kumwuliza. Mmoja alimpenda, akajua kweli, akaificha mahali ilipohitajika. Mmoja hakumpenda, akasema uongo kwa sauti, na sauti ile ikaileta kweli. Maji ya wali yalikuwa yanakauka. Aliokota mwiko kwa mkono wa kushoto, akaunyanyua, na mikono mitatu ikanyooka.

Haya, ninyi mnaosikiliza, msinijibu kwamba angempa tabibu; tabibu hajui hata kuosha mchele. Wala msiseme angebaki nao mwenyewe. Mmeuona mkono wake. Kesho nanyi mtaalikwa kwenye shughuli, mtawekewa sahani mbele yenu, na mtakula bila kuona kilichotokea jikoni.

Je, kwa mkono wa nani mngekula bila hofu? Nani alistahili mwiko?