Miaka Saba ya Tangawizi

Wa kwanza kumwambia mama mmoja habari za kikao kile alikuwa Bi Mwanaidi, muuza maandazi wa mtaani kwao.

"Alhamisi saa tisa, darasa la chekechea nyuma ya zahanati," alisema huku akimfungia maandazi manne kwenye gazeti. "Wanakutana watu wenye wagonjwa kama wako."

"Wangu ana malaria tu, Bi Mwanaidi."

"Malaria ya mwaka wa tatu! Mbu huyo ana bidii. Nenda, mwanangu."

Wapendwa, yule alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, na mume wake alikuwa anatumia madawa ya kulevya, haya tunayoyaita unga. Unga ulikuwa umekula redio, ukala pasi, ukala hadi mapazia. Kilichobaki ni sufuria moja kubwa. Hakuthubutu kuiacha nyumbani. Basi Alhamisi akaibeba, akaifunika kwa kanga, na njia nzima akawa anafanya mazoezi ya uongo wake: nikiulizwa, nitasema naipeleka kwa fundi akaizibe.

Nani kati yetu hajawahi kufanya mazoezi ya namna hiyo akiwa njiani kuja hapa kanisani?

Alipofika mlangoni, akachungulia ndani. Ukutani, chini ya picha za herufi, vitu vilikuwa vimepangwa kama mnadani: feni, kichwa cha cherehani, blanketi ambalo bado limo kwenye nailoni yake, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee mmoja alikuwa ameukalia mtungi wa gesi.

"Karibu, binti," mzee akasema. "Weka mzigo wako hapo. Mtungi wangu huu nikiuacha na kijana wangu, jioni siukuti."

Watu wakacheka. Naye akacheka, kisha akashangaa kuisikia sauti yake. Alidhani nyumba yenye aibu ile ni yake peke yake. Kumbe watu wote hawa, ambao kila siku anapishana nao sokoni, walikuwa wamebeba vyombo vyao kimyakimya kama yeye! Akavua ndala mlangoni, bila kuambiwa, kama mtu anayeingia mahali patakatifu.

Ni bibi mmoja tu, yule aliyekuwa akiwapokea watu, ambaye hakuja na kitu.

"Bibi, wako ameacha?" yule mama akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Wangu tulimzika mwezi wa nne."

"Pole, bibi. Basi mbona bado unakuja?"

"Kwa sababu sikuja mapema. Miaka saba niliwaambia watu mwanangu ana kifua. Wakaniletea tangawizi. Miaka saba, mwanangu! Tangawizi, asali, ndimu. Kanisa zima likafunga na kuomba kwa ajili ya kifua. Siwalaumu. Walikitibu kile nilichowaambia."

Yule mama akamkumbuka mama mkwe wake, ambaye kila Jumamosi huwaletea mwarobaini, akiamini anamponya mwanawe malaria.

Wapendwa, sisi husema majirani wamekauka roho. Husema hata Mungu amenyamaza. Je, tumewaambia nini hao majirani? Humu ndani tumeombewa vifua vingapi? Malaria ngapi? Upendo upo, jamani. Ulikuwa unafika kwa yule bibi kila wiki, wa moto, kwenye vikombe, akawa anaupokea na kusema asante, na mwanawe anakufa chumba cha pili. Sisemi kwamba tukiutaja ugonjwa kwa jina lake mgonjwa atapona kesho. Yule bibi hakumwahidi mtu hivyo. Lakini sisi tunaoficha tunawafunga mikono ndugu zetu, halafu tunalia kwamba hakuna anayetunyoshea mkono.

Kesho yake asubuhi, kabla mtoto hajanywa uji, yule mama alikwenda kwa mama mkwe wake. Alimkuta uani, anachambua majani ya mwarobaini. Akapiga magoti, akamwamkia, kisha akamshika mikono yote miwili ili aiache kazi ile.

"Mama," akasema, "mwanao anatumia unga."