Kwa Nini Mpenzi Huitwa "Mtu Wangu"

Anayecheka acheke amalize, ndipo nianze. Nimesikia asubuhi mlivyokuwa mnamsema binti wa watu pale kisimani, na damu imenichemka.

Zamani sana, katika kijiji hiki chetu cha wafinyanzi, mapenzi hayakuwa na siri. Wawili wakipendana, Mzee Singano, mpiga mbiu, alipuliza pembe na kuyataja majina yao kijiji kizima. Na hapo ndipo ulipokuwa uonevu. Mwanamume alishangiliwa, akaitwa jogoo. Mwanamke aliitwa chungu kilichotoboka. Kwa kosa gani? Lile lile alilolitenda jogoo! Tena ilisemwa kwamba mwanamke aliyepigiwa mbiu kabla ya posa akigusa udongo, vyungu vya wenzake vitapasuka motoni. Basi alifukuzwa shimoni kunakochimbwa udongo, na asiyefinyanga hakuwa na cha kula.

Mwantumu alikuwa fundi kuwapita wote. Akapendana na Hiza, mchoma mkaa. Hiza, kwa uchu wa sifa, akaenda kwa miguu yake kumwambia Singano. Pembe ikalia. Hiza akanyweshwa togwa na kubebwa mabegani. Kesho yake Mwantumu alizuiwa shimoni, udongo wake ukamwagwa chini. Hiza alikuwepo, akitazama. Hakufumbua kinywa, jogoo huyo!

Wiki ile wanawake wakachoma vyungu bila Mwantumu. Vikapasuka kumi na saba. Kuni zilikuwa mbichi, basi. Mwantumu akaja, akasimama mbele ya vigae.

"Mama zangu, leo nani kavipasua?"

Bi Nambiza, mkubwa wa wafinyanzi, akashikwa na haya. Akachukua kikapu chake mwenyewe cha udongo, akamkabidhi Mwantumu arudi kazini.

Lakini Singano hakukoma. Msimu uliofuata aliwafuata wanawake shimoni na pembe yake, akamkabili mwanagenzi wa Mwantumu.

"Nasikia umependwa. Nani huyo?"

Binti akamtazama fundi wake, kisha akajibu kama wanawake wote walivyokuwa wamekubaliana wakati wa kukanda udongo.

"Nina mtu wangu."

"Mtu gani? Mtaje!"

"Mtu wangu, babu. Wewe wamtakia nini?"

Singano akamgeukia wa pili, akamgeukia wa tatu, hata Bi Nambiza mwenyewe. Wote jibu moja. Mbiu haipigwi kwa asiye na jina, akarudi kwake akaitundika pembe.

Na tangu siku hiyo, aulizwaye habari za mpenzi wake husema tu, "Nina mtu wangu," na jina hubaki kifuani mwake. Hiza naye aliitwa jogoo mpaka anazikwa, ingawa Mwantumu hakumfungulia mlango tena. Hilo la jogoo halijaisha, na linaniuma. Pembe ya Singano ililiwa na mchwa zamani. Iliyolia kisimani leo asubuhi ni midomo yenu.