Pete ya Maji na Shitaka la Damdahuri

Sultani Mundhiri bin Saifu alitawala Jazarani, mji uliojengwa juu ya uwanda wa mawe usio na mto wala mvua ya kutegemea, na hata hivyo maji yake yalikuwa mengi kuliko ya miji ya mabondeni. Babu yake mkuu alikuwa amemfunga jini Damdahuri kwa pete yenye jiwe la kijani, na kila muadhini alipoita, Sultani aliisugua pete, na maji yakapanda kutoka chini ya ardhi na kujaza birika za misikiti na visima vya mitaa kwa pamoja, na wageni wakasafiri kutoka nchi za mbali kuja kuitazama ajabu hiyo.

Mji ulisifika pia kwa baraza lake la wanazuoni. Mkubwa wao alikuwa Sheikh Muhidini, fakihi aliyezijua hukumu za dini kama mtu anavyovijua vyumba vya nyumba yake. Wa pili alikuwa Dhahiri bin Amuri, mwanafalsafa, bado kijana na mwepesi wa ulimi. Wa tatu alikuwa Shemsa binti Hilali, aliyesoma desturi za watu, na kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani akiwauliza watu kwa nini wanafanya wanavyofanya. Baraza lilikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: asijibu mtu hoja ya mwenzake mpaka airudishe kwanza, yaani aieleze kama mwenzake alivyoikusudia, na mwenye hoja akiri mbele ya wote, "Ndivyo nilivyosema."

Siku moja adhana ya adhuhuri iliposikika Sultani akaisugua pete, na jiwe likapasuka vipande viwili, na maji hayakupanda. Palepale sakafu ya baraza ikatoa mvuke, na kutoka katika mvuke ule akatoka jini wa rangi ya moshi, akavua viatu vyake vikubwa kama milango na kuviweka kizingitini kwa adabu.

"Asalaamu alaykum," alisema. Kwa hofu, hakuna aliyeitikia. "Mimi ni Damdahuri. Ninapandisha maji kila adhana, na tangu nifungwe sijapata kusali pamoja na watu. Sasa jiwe limepasuka. Hukumuni baina yangu na nyumba ya Sultani. Jua likitua bila hukumu, nitashuka na maji yangu, na hamtayaona tena."

Habari ikaenea, na wanawake wa mtaa wa wafumaji wakasimama nje na mitungi mitupu, na msikitini watu wakatayamamu kwa vumbi. Sultani, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kukauka, akasema, "Wanazuoni wangu, mji wote uko vinywani mwenu. Semeni."

Wakasema, na walisema vizuri mno. Sheikh Muhidini alitoa hoja kwamba ahadi ya kulazimishwa haimfungi mtu, lakini dharura ya mji mzima nayo ina hukumu yake. Dhahiri akairudisha hoja hiyo kikamilifu, Sheikh akakiri, kisha Dhahiri akajibu kwamba asiye na hiari hasifiwi wala halaumiwi, kwa hiyo maji ya jini ni kama mvua, hayana mwenyewe.

"Dhahiri," Shemsa alisema, "wewe ungemthibitishia mwenye kiu kwamba maji ni dhana tu."

"Na wewe, Bi Shemsa, ungemwuliza mama yake alizoea kunywa wapi."

Baraza likacheka, na hoja zikazidi kupamba moto, kila moja ikirudishwa na kukiriwa, mpaka sala ya alasiri nayo ikasaliwa kwa kutayamamu na mwanga wa jua ukaanza kupanda ukutani. Ndipo Shemsa alipomtazama jini aliyekaa kimya kando ya viatu vyake, akasimama ghafla.

"Mtukufu Sultani, tumevunja kanuni. Tumerudishiana maneno sisi kwa sisi tangu adhuhuri, na mlalamikaji hakuna aliyemrudishia lake."

"Yeye si mwanabaraza," alisema Sheikh Muhidini.

"Lakini neno ni lake, Sheikh." Akamwendea jini, akasema, "Waalaykumu salaam, Damdahuri. Unasema unataka kuachwa huru."

"Sivyo nilivyosema."

"Unasema umechoka na kazi."

"Sivyo, binti Hilali. Kazi naipenda."

Mwanga ulikuwa umefika kwenye nguzo za juu. Nje, mtoto alilia akiomba maji. Shemsa akaketi sakafuni, akasema, "Basi nieleze. Adhana ikiita, wewe unafanya nini?"

"Pete hunivuta. Nami nayabeba maji mabegani mpaka mtu wa mwisho amalize kutawadha. Nikiyatua, imamu ameshatoa salamu, na watu wanavaa viatu."

Shemsa akavuta pumzi. "Unasema kwamba adhana inakuita na wewe pia, na sisi tunasimama mbele ya Mungu kwa maji yanayokuzuia wewe kusimama."

Jini akainamisha kichwa, na machozi yake yakalowesha sakafu. "Ndivyo nilivyosema."

Sheikh Muhidini akavua kilemba chake na kukiweka magotini. "Miaka yote hii nimefundisha masharti ya udhu," alisema taratibu, "na hili sikuliuliza."

"Kwani lazima maji yapande wakati wa adhana?" aliuliza Dhahiri. "Birika ina kuta. Ingeweza kujazwa asubuhi."

"Wazee wa mji wameniambia sababu," Shemsa alijibu. "Sultani wa kwanza alipenda wageni waone maji yakiitikia mwito wake. Ni maonyesho tu."

Sultani akaona haya. Akaivua pete, akaiponda kwa kitako cha jambia mbele ya watu wote, akasema, "Huna bwana tena, Damdahuri. Ukitaka kwenda, nenda. Ukitaka kukaa, yapandishe maji asubuhi kwa hiari yako, na adhana ikiita njoo usali nasi."

Jini akatoweka, na watu wakashika vichwa. Kisha ardhi ikanguruma, na maji yakafurika katika birika na visima kabla muadhini hajafungua kinywa, na mitungi ikajaa, na vigelegele vikapasua anga. Adhana ya magharibi ilipoita, Damdahuri alisimama kwenye ua wa msikiti, na Sultani mwenyewe akachukua kata akammiminia maji ya udhu. Jini aliposema "Amina" njiwa wote wa mji waliruka.

Sultani akamzawadia Shemsa dhahabu ya pete na shamba la mitende, na Dhahiri akamfuata na kumposa.

"Rudisha kwanza neno langu la leo," alisema Shemsa.

"Ulisema ningemthibitishia mwenye kiu kwamba maji ni dhana tu. Na ni kweli, ningefanya hivyo."

"Ndivyo nilivyosema," Shemsa alijibu, na baba yake akapeleka habari kwa Sheikh aje kufungisha ndoa.

Basi ewe msomaji, ukikalia kiti cha kuhukumu, elimu yako itakufaa pale utakapolisikia neno la mtu kama yeye mwenyewe alivyolisema. Jazarani haijakosa maji tangu siku hiyo, na safu ya nyuma ya msikiti wake huachwa wazi, ipate kumtosha mmoja.