Ndama wa Wilfred

Hapo zamani, Waingereza walipokuwa wakiwapakia vijana wao melini kwenda kulima ng'ambo, palikuwa na kijana wa mjini, jina lake Wilfred. Aliambiwa Kanada kuna farasi, matufaha na hewa safi. Akaenda. Hewa aliipata, tena ya kugandisha masikio!

Mwajiri wake, Bwana Pringle, alimlaza darini, juu ya banda la ng'ombe, pamoja na kijana mwenzake, Percy. Asubuhi uji baridi, jioni uji baridi. Wilfred akaanza kukohoa, na theluji yenyewe bado. Aliogopa, jamani. Aliogopa kufa mbali na mama yake.

Mara moja kwa mwaka mkaguzi wa mpango ule wa kupeleka vijana alipita mashambani. Kanuni ilimtaka amhoji kijana mbele ya mwajiri.

"Hujambo, kijana?"

"Sijambo, bwana."

Angejibu nini, na Pringle amemkodolea macho?

Mwaka ule akaja mkaguzi mpya, Bwana Hallam, akamhoji Wilfred vivyo hivyo, kisha akakaribishwa mezani. Nyama ilikuwa tayari jikoni. Lakini mpishi, mjane aliyeitwa Bi Dorcas, akaiacha hukohuko, akamwekea mgeni bakuli la Wilfred.

"Hiki ndicho wanachokula vijana, bwana. Onja."

Pringle akamfukuza kazi palepale, aproni ingali kiunoni.

Hallam akaonja. Akaweka kijiko chini, akamtoa Pringle nje, akafunga mlango, kanuni akaitupa huko, akauliza upya. Safari hii Wilfred, Percy akiwa kando yake, akasema yote.

"Nina nafasi moja tu kwenye shamba jingine," Hallam akasema, "nanyi mko wawili."

Percy akawahi kujibu. "Mchukue huyu. Kwa kifua kile, baridi ya hapa itammaliza."

Basi Percy akabaki na uji wake miezi minane.

Wilfred akapelekwa kwa watu wenye utu. Chumba chake mwenyewe, blanketi tatu, supu inayotoa moshi! Alipoionja akalia, akacheka, akaomba nyingine. Kikohozi kikaisha. Moyo ukamtulia kwa mara ya kwanza tangu ashuke melini.

Mkataba wake wa kazi ulipokwisha, mwenye shamba akamzawadia ndama jike, mali yake ya kwanza duniani. Wilfred akawaita wote watatu.

"Ninapumua kwa sababu yenu," akasema. "Ndama huyu ni wa aliyeniokoa."

Bi Dorcas akasema, "Mwanangu, bila lile bakuli nani angejua? Mpaka leo nafua nguo za watu."

Hallam akasema, "Wenzangu wangeonja wakanyamaza. Mimi niliuliza, nikashushwa cheo."

Percy akakuna kichwa. "Mimi sikufanya kitu, Wilfred. Nilibaki tu."

Wilfred amesimama, kamba ya ndama mkononi, anawatazama mmoja mmoja, na wote anawapenda. Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msimwache peke yake: nani alistahili kupewa kamba ile?