Mkono wa Zimwi

Huko Hevsureti, milimani ambako watu huishi ndani ya minara ya mawe na panga hazikauki ukutani, hapakuwa na wapiganaji wawili wenye vichwa vya moto kama Mzekala na Shete. Wote wawili walikuwa kama maziwa jikoni: ukigeuka kidogo tu, yamefurika. Mzekala alifundishwa upanga na marehemu baba yake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume wala hakumlilia. Shete, wa mnara wa ng'ambo ya mto, alifundishwa na watu aliowachokoza.

Walikutana kwenye sikukuu ya bia. Shete, pembe ya bia mkononi, alimtazama binti yule kuanzia kofia ya chuma hadi viatu.

"Dada, huo upanga umeuazima kwa nani?"

Kabla hajamaliza kucheka, shavu lake lilikuwa limechanika. Ikawa Mzekala huyo huyo ndiye aliyelifunga jeraha, kwa siagi na kitambaa safi. Tangu siku ile usingizi ukampaa. Alimpenda, akajichukia kwa kumpenda, kisha akampenda zaidi.

Mwaka huo zimwi la barafu liliteremka kutoka kileleni na kuketi katika njia ya mlimani. Kila lilipopumua, njia iliganda, na wachungaji waliokuwa upande wa pili na kondoo wao hawakuweza kurudi makwao. Shete alisema ataliendea peke yake. Mzekala naye alisema ataliendea peke yake. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kubaki, walipanda pamoja, wakibishana juu ya njia, juu ya jibini, hata juu ya wingu kama lilikuwa la mvua au la theluji. Katikati ya ubishi ule Mzekala aliomba kimoyomoyo kwamba mlima usiishe.

Walipolifikia, Shete hakungoja kupanga. Alilivamia kwa kelele, na zimwi likamnyakua kwa mkono wa kulia kama mtu aokotavyo jiwe. Mzekala aliruka juu ya mkono ule akaupiga kwenye kifundo, tena na tena, mpaka upanga ukakwama mfupani. Humo ndani ya ngumi, Shete naye alikuwa akichoma kwenda juu. Ghafla mkono ulikatika, ukaanguka thelujini pamoja nao. Zimwi lilitoa yowe, likakimbilia kileleni, wala halikuonekana tena.

Walijikuta wamelala ndani ya kiganja, wametapakaa damu nyeusi, wakicheka mpaka mbavu zikawauma.

"Nitakuoa," Shete akasema.

"Nani kakwambia? Mimi ndiye ninayekuchukua."

"Haya, nichukue. Ila tunakaa kwetu."

Mzekala alikubali, na huo ndio ulikuwa ubishi pekee alioshindwa kwa hiari.

Kule milimani, adui akishindwa, mkono wake wa kulia hugongomewa juu ya mlango wa mnara wa aliyemshinda. Lakini zimwi lilikuwa na mkono mmoja tu wa kulia, na minara ilikuwa miwili. Shete alisema mkono ni wake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ndani. Mzekala alisema aliyekamatwa hajashinda kitu, na kwamba utakwenda kwenye mnara wa baba yake.

"Ugongomeeni zizini," alisema Sanata, mama yake Shete. "Ng'ombe hawana majivuno."

Wote wawili walimgeukia kwa macho makali, bibi wa watu akarudi kwenye mkate wake. Waligombania pia kiti cha mwenye nyumba kando ya moto, wakagombania nani aonje bia kwanza. Kisha wakapatana, na kupatana kwao kulikuwa kutamu kiasi kwamba Mzekala alisahau ugomvi ulianzia wapi.

Asubuhi moja alitoka mtoni akamkuta mumewe juu ya ngazi, nyundo mkononi, mkono wa zimwi umeshikizwa kwa msumari wa kwanza.

"Shuka, Shete."

"Nikishuka, nashuka na upanga."

"Shuka nao, mume wangu. Usije ukasema nilikuonea."

Walipigana uani. Mwanzoni ilikuwa nusu mchezo, kisha Shete akavuja damu begani, kisha Mzekala pajani, na mchezo ukaisha. Sanata alitoka mbio, mkono kichwani.

"Nautupa mtandio wangu!"

"Usithubutu, mama!" wakapiga kelele kwa pamoja.

Walijua kwa nini. Mtandio wa mwanamke ukitupwa kati ya panga mbili, panga hushuka, na hiyo ni sheria. Lakini waliotenganishwa na mtandio hawalali tena chini ya paa moja. Neno moja, "basi", lingetosha kuepusha yote hayo. Mzekala alikuwa nalo ulimini. Aliona jinsi Shete anavyoyumba, akaona kwamba pigo lake lijalo litamuua, na bado neno likagoma kutoka. Akavua kofia ya chuma, akafungua mtandio wake mwenyewe, akautupa chini kati yao.

Upanga wa Shete ulishuka polepole.

"Mzekala, umefanya nini?"

Alivuka mto akichechemea, akaingia mnara wa baba yake, na huko akalia kwa sauti, bila haya. Sanata aliung'oa ule mkono akawatupia mbwa. Mbwa waliunusa, wakauacha.

Miaka ilipita. Hakuna aliyeoa wala aliyeolewa tena. Wavamizi walipokuja, wawili hao walipigana mgongo kwa mgongo, na joto la mgongo ule Mzekala alirudi nalo kwake, akaliwaza wiki nzima. Alijua kikohozi cha Shete kutoka ng'ambo. Alijua siku anazopika vibaya kwa harufu ya kuungua.

Ndipo Sanata alipovuka daraja siku moja, akihema, akaketi bila kukaribishwa.

"Wazee wamelegeza. Mmoja wenu akisema mbele ya watu kwamba siku ile alishindwa, mtandio utahesabiwa haukutupwa. Mwanangu, bado unamtaka?"

"Namtaka, mama. Kila siku namtaka."

"Utasema, siyo?"

Mzekala alifungua kinywa. Aliuona moto wa ng'ambo, akaliona bega lile, akaona maisha yote aliyoyatamani yakimngoja ng'ambo ya daraja. Kisha akakiona na kile kiti, na Shete amekikalia, anatabasamu.

"Aanze yeye," akasema.

Sanata alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa tena ya kicheko.

"Natoka kwake sasa hivi," akasema. "Naye kanijibu hivyo hivyo."

Akajifuta uso, akashika njia ya darajani peke yake. Wahenga hawakukosea: mafahali wawili hawakai zizi moja, hata wakipendana.